Uwanja wa ndani au mlima wenyewe? Ulinganisho kwa mwendesha baiskeli za milimani

Mtu akisikia kwamba kuna ghala limejazwa rampu, kona za mbao na matuta ili watu waendeshe humo baiskeli za milimani, huuliza: mlima utaingiaje ndani ya nyumba? Jibu la haraka ni hali ya hewa. Theluji imefunika njia, mvua imegeuza udongo kuwa tope, jua linazama kabla watu hawajatoka kazini. Hayo ni kweli, na ndiyo yaliyozaa viwanja hivi. Lakini hayaelezi kwa nini waendeshaji wazoefu, wenye njia nzuri za nje, bado hulipia kiingilio cha kuzunguka ndani ya jengo. Kinachowavuta ni kurudia. Mruko uleule, kona ileile, kasi ileile, mara nyingi kuliko mlima wowote utakavyokuruhusu.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua asiangalie mawingu kwanza. Aangalie anachokosa katika uendeshaji wake. Yupo anayekosa mbinu, yupo anayekosa kasi na moyo wa kushuka mteremko mrefu, na yupo anayekosa pumzi tu. Hapa naweka pamoja sehemu nne: uwanja wa ndani, mlima wenye lifti ya kubeba baiskeli, njia za msituni unazozipanda kwa nguvu za miguu yako, na pampu traki ya nje, yaani mzunguko wa matuta unaouendesha bila pedali. Nitakaa zaidi kwenye mbili za kwanza kwa sababu ndizo watu huzilinganisha vibaya, kana kwamba moja ni nakala dhaifu ya nyingine.

Vilikoanzia

Mwaka 2004, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, fundi ujenzi aitwaye Ray Petro alifungua Ray's Indoor Mountain Bike Park ndani ya jengo la zamani la kiwanda. Cleveland iko kando ya Ziwa Erie, na majira ya baridi ya huko si ya mzaha. Uwanja ulipanuliwa chumba baada ya chumba hadi ukapita futi za mraba 100,000. Una sehemu ya wanaoanza, ya wa kati na ya wazoefu, pamoja na njia ndefu inayozunguka jengo kwa wale ambao hawataki kuruka kabisa. Baadaye kampuni ya baiskeli ya Trek iliuchukua, na mwaka 2010 tawi la pili likafunguliwa Milwaukee. Tawi hilo halikudumu. Lumberyard, uwanja mwingine wa ndani katika mji wa Portland, iliyofunguliwa 2012 katika jengo lililokuwa la mchezo wa bolingi, nayo ilifunga milango.

Uwanja wa ajabu kuliko yote ulifunguliwa 2015 mjini Louisville, jimbo la Kentucky, ndani ya mgodi wa zamani wa chokaa: futi za mraba 320,000, takriban futi 100 chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 14 hivi za Selsiasi mwaka mzima, iwe kiangazi au baridi.

Kufungua na kufunga huku kuna sababu moja ya wazi. Jengo linalipiwa kodi miezi kumi na miwili, ila wateja wanajaa miezi sita. Jua likitoka, waendeshaji wanatawanyika misituni. Ray's yenyewe huendeshwa kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, kisha hupumzika. Linganisha na Whistler huko Kanada, uwanja wa mlimani maarufu kuliko yote, unaofunguliwa takriban Mei hadi Oktoba kwenye miteremko ambayo wakati mwingine wa mwaka ni ya watelezaji wa theluji. Mmoja unapofunga, mwingine unafungua. Kwa waendeshaji wengi wa nchi za baridi, basi, ushindani kati ya ndani na mlimani haupo kabisa, kalenda imeshawagawia.

Ugumu wa kuchagua unampata anayeweza kupata vyote viwili wakati mmoja, au anayepanga safari na ana siku chache tu.

Kurudia, ndani inaposhinda

Chukua mruko mmoja wa kawaida, tuta lenye mgongo bapa ambalo waendeshaji huliita meza. Unaingia kwenye rampu, unapaa juu ya sehemu bapa, unatua kwenye mteremko wa upande wa pili. Mlimani mruko huo upo mahali pamoja tu kwenye njia. Unaupita mara moja kwa kila mshuko, mikono imeshachoka, akili bado iko kwenye kona iliyopita. Ukikosea, huna nafasi ya kujiuliza mwili ulifanya nini, maana kuna mruko mwingine mbele yako. Unamaliza njia, unapanga foleni ya lifti, unapanda, na robo saa baadaye au zaidi unaukuta tena. Hapo kumbukumbu ya kosa imeshapoa. Unaweza pia kushuka, kusukuma baiskeli pembeni na kuurudia, na wenye nidhamu hufanya hivyo, ila kwenye njia yenye watu wanaoshuka kwa kasi hilo linataka macho ya nyuma ya kichwa.

Ndani, mruko huohuo unachukua sekunde chache. Unasukuma baiskeli hadi jukwaani, unangoja zamu yako, unashuka tena. Kwa saa moja mtu anaweza kuuruka mara kumi na tano au ishirini bila kuharakishwa na yeyote. La maana zaidi ni kwamba hakuna kinachobadilika. Mbao hazina tope, upepo hauvumi, jukwaa lina kimo kilekile. Ukitua mapema, umetua mapema kwa sababu yako wewe: ulivuta usukani badala ya kusukuma kwa miguu, au uligusa breki kwa woga. Nje, mtu hujisingizia upepo, na wakati mwingine upepo kweli ndio wenye kosa. Kujua chanzo cha kosa ni nusu ya kulirekebisha, na nusu hiyo uwanja wa ndani unakupa bure.

Kisha kuna ngazi. Viwanja vilivyojengwa na watu wanaojua kufundisha huweka miruko mitatu au minne sambamba, yenye umbo moja na ukubwa tofauti. Ukiumudu mdogo, wa kati uko hatua chache pembeni. Mlimani, ambako njia ya kijani ni rahisi, ya bluu ni ya kati na nyeusi ni ngumu, kutoka bluu hadi nyeusi mara nyingi ni kuruka ngazi nzima, na kipimo cha rangi hizo, kilichoazimwa kutoka viwanja vya theluji, hakifanani mahali na mahali. Njia ya bluu ya mlima mmoja ni njia nyeusi ya mlima wa jirani. Rangi hizo hutumika ndani pia, lakini ndani unaweza kuukagua mruko mzima kwa kuuzungukia kwa miguu kabla ya kuujaribu, na hata kukaa uangalie watu kumi wakiuruka.

Meza ina huruma, kwa kuwa ukipungukiwa na kasi unatua juu ya mgongo wake na kutikisika kidogo. Pengo halina huruma hiyo. Hapo katikati ni tupu, na anayepungukiwa anagonga ukingo wa upande wa pili. Mwendeshaji anayejifunza anapaswa kumaliza shule ya meza kwanza, na shule hiyo ndani ina madarasa mengi.

Na shimo la sponji, lile lililojazwa vipande laini ili uangukie humo bila kuumia? Wengi huliona kama sababu kubwa ya kwenda. Mimi nalithamini kidogo kuliko wao. Linafaa kwa jambo moja, kuujaribu mzunguko wa hewani ambao ukiukosea chini panauma. Ila halikufundishi kutua, na kutua ndiko kugumu. Tena kujikwamua kutoka kwenye vipande vya sponji, kisha kuivuta baiskeli, kunakula dakika, hivyo marudio ambayo ndiyo sifa kuu ya uwanja wa ndani yanapotea. Godoro kubwa la hewa lenye mteremko, au rampu ya kutulia iliyotandikwa tabaka laini chini ya plastiki ngumu, ni bora zaidi kwa sababu unatua kwa magurudumu na kuendelea. Uwanja wenye kimojawapo kati ya hivyo viwili naupendelea kuliko wenye shimo la sponji hata liwe kubwa vipi.

Lakini marudio yana mtego wake. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwafunza watu miondoko ya mkono ya kuangusha vibao vidogo. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja hadi mwisho kabla ya kuingia mwingine, kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliorudia mmoja mmoja walionekana hodari zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri. Matokeo ya namna hiyo yameonekana tena katika tafiti nyingi za kujifunza miondoko, ingawa si kwa kila aina ya ujuzi na kila aina ya mtu. Kwa mwendeshaji maana yake ni rahisi: rudia mruko mmoja hadi uuelewe, kisha acha kuung'ang'ania. Nenda kwenye kona, nenda kwenye matuta, rudi kwenye mruko, badili mpangilio. Anayetumia saa mbili kwenye rampu moja atatoka akijiona bingwa, na rampu ya kwanza ya nje itamshangaza.

Kasi na kuisoma ardhi, mlima unaposhinda

Ndani, kasi yako inatokana na kimo cha jukwaa. Ukishuka kutoka kimo cha mita tatu bila kukanyaga pedali, na tusihesabu msuguano, unafika chini ukiwa na kasi ya kilomita 28 hivi kwa saa. Msuguano ukiuhesabu, ni chini ya hapo. Unaweza kuongeza kwa pedali, lakini ukuta wa mwisho hauko mbali.

Sasa tazama Fort William huko Uskoti, ambako mashindano ya Kombe la Dunia la mteremko yamefanyika mara nyingi tangu 2002. Njia yake ina urefu wa takriban kilomita 2.8 na inashuka mita 555. Mabingwa huimaliza kwa dakika nne na ushee. Yaani wastani wao, pamoja na kona zote na mawe yote, ni kati ya kilomita 35 na 40 kwa saa, na kwenye sehemu zilizonyooka ni zaidi ya hapo. Wastani wao unazidi kasi ya juu ya jukwaa la ghalani. Na nguvu ya mwendo haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa kipeo cha pili: ukiiongeza kasi mara mbili, breki zako zina kazi mara nne.

Ndiyo maana ujuzi wa breki haujifunzwi ndani. Kule karibu huigusi. Baiskeli nyingi za kurukia zina breki moja tu, ya nyuma, na wenye nazo hawalalamiki. Mlimani breki ni nusu ya uendeshaji: wapi uibane, wapi uiachie, tairi la mbele lishike kiasi gani kwenye changarawe kabla halijateleza. Mshuko wa Whistler kutoka juu kabisa hadi kijijini ni takriban mita 1,500 za kimo. Vidole vinakauka, mapaja yanawaka, na uamuzi wa mtu aliyechoka si uamuzi wa mtu aliyetoka kunywa maji. Hakuna ghala linaloweza kukupa dakika ishirini za kushuka mfululizo.

Halafu kuna kuisoma ardhi. Mzizi mkavu na mzizi wenye umande ni vitu viwili. Udongo wa asubuhi si wa jioni. Jiwe ulilolikwepa juzi leo limesogea. Ndani, sehemu ya mawe ipo katika viwanja vingi, ila mawe hayo mara nyingi yamefungwa yasisogee, na ukishaijua njia moja ya kuyapita, unaijua milele. Baadhi ya viwanja huleta udongo wa kweli ndani, na udongo huo lazima uloweshwe mara kwa mara ili vumbi lisiwakabe watu. Hiyo inasaidia kona, lakini bado haikuletei mshangao. Mtu anayejiandaa kwa mashindano ya mteremko au ya enduro (yale yenye mishuko kadhaa inayopimwa muda, na mpando kati yake), ambako anapanga mstari wake kwenye ardhi isiyotabirika, asijidanganye kwamba majira mazima ya ndani yatatosha. Atafika na miruko mizuri sana na macho mavivu.

Kuanguka

Watu wengi hudhani ndani ni salama zaidi. Kwa sehemu ni kweli: hakuna mti, hakuna korongo, kasi ni ndogo, na uwanja unaosimamiwa vizuri huwa na mtu wa huduma ya kwanza hatua chache kutoka ulipo. Kwenye njia ya msituni unaweza kuvunjika mfupa wa bega mahali ambapo simu haishiki mtandao, na kutoka hapo ni shughuli ya nusu siku. Mlima wenye lifti uko katikati, kwa kuwa una walinzi wa njia, ingawa wanahitaji muda kukufikia.

Lakini plaiwudi si nyasi. Sakafu ya zege iliyo chini ya rampu ni mbaya zaidi. Nje mara nyingi unaanguka ukateleza kwenye udongo na nguvu ya anguko inasambaa. Ndani unapiga mahali pamoja. Nguzo za jengo hufungwa mito, na hiyo si mapambo. Ukichagua ndani, kinga ya magoti na viwiko ni ya lazima kwangu hata pale kanuni zinapodai helmeti tu, kwa sababu marudio mengi maana yake ni maanguko mengi madogo. Mlimani mpangilio hugeuka: maanguko machache, kila moja likiwa na uzito, hivyo helmeti inayofunika uso mzima ndiyo inayotangulia.

Baiskeli uliyo nayo inaweza kukuamulia

Jambo hili hupitwa haraka mno. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mlima, ndani inakuwa nzito na mvivu. Shokapu zinameza nguvu unayoisukuma kwenye matuta, na nguvu hiyo ndiyo injini yako humo. Inayong'aa ndani ni baiskeli ndogo ngumu, isiyo na shokapu nyuma, yenye magurudumu ya inchi 26, giya moja na kiti kilichoshushwa chini kabisa. BMX, baiskeli ndogo ya mbio fupi na michezo ya kuruka, pia inafaa sana kwenye rampu, ingawa kwenye njia ndefu zenye vikwazo inatikisa mifupa.

Ukiwa na baiskeli kubwa tu, usikate tamaa. Ongeza upepo kwenye shokapu, au zifunge kabisa kama zina kifungio. Tairi nazo ongeza: mlimani watu huendesha kwa psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 20 hadi 30 ili mpira uikumbatie ardhi, lakini juu ya mbao hilo linakupunguzia kasi na tairi linajikunja kwenye kona. Psi 40 na zaidi ni kawaida ndani, mradi usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi na ringi. Tairi zenye meno makubwa hupiga kelele na kutetereka kwenye plaiwudi; zenye meno mafupi hushika vizuri zaidi. Na zisafishe. Tope linaloanguka juu ya rampu ni ajali ya mtu anayekuja nyuma yako, na viwanja vingi havitakuruhusu kuingia nalo.

Viwanja vikubwa hukodisha baiskeli. Kwa mtu anayeonja kwa mara ya kwanza, kukodi ndani kuna akili zaidi kuliko kukodi mlimani: ndani unapewa baiskeli rahisi, na saa chache zitakuambia kama mchezo huu ni wako. Mlimani utalipia lifti, baiskeli ya mteremko, na kinga za mwili mzima, kisha siku nzima uitumie kwenye njia za kijani ukijifunza kusimama juu ya pedali.

Watu utakaowakuta

Mlimani watu hukutana kwenye foleni ya lifti, halafu wanapotea. Ndani mnaonana muda wote. Unamwona mtoto wa miaka tisa akipaa juu ya mruko uliokushinda, unameza aibu, unamwuliza anaingia kwa kasi gani, naye anakuambia. Wa BMX wanawafunza wa baiskeli za milimani na kinyume chake. Kwa anayejifunza bila mwalimu, kuona mwili wa mtu mwingine ukifanya jambo lilelile ukiwa umesimama mita tatu kando yake kunasaidia kuliko video yoyote.

Mzazi naye ana nafuu yake. Anakaa mahali pamoja na kuwaona watoto wote, jambo ambalo mlima haumpi. Ray's imekuwa pia na wikiendi maalumu kwa wanawake, yenye mafunzo na vikundi vya viwango mbalimbali, na wengi waliopita humo walikuja wakiwa hawajawahi kuruka hata tuta dogo. Ukiwa mtu unayeona haya kuanza mbele ya wazoefu, tafuta siku za namna hiyo kabla ya siku za kawaida.

Ubaya wa ukaribu huo ni msongamano. Jumamosi ya katikati ya majira ya baridi jukwaa la kuanzia linaweza kuwa na watu ishirini, kelele za mbao zinarudi kutoka kila ukuta, na marudio niliyoyasifu yanageuka kungoja. Katikati ya wiki ni ulimwengu mwingine.

Pumzi, na pampu traki

Kama lengo lako ni moyo na mapafu, mjadala huu ni mfupi: panda njia za msituni. Ndani utatoka jasho na mikono itakuuma kesho yake, lakini kazi ni ya vipande vya sekunde kumi au ishirini. Mlima wenye lifti nao umekuondolea mpando, sehemu inayojenga pumzi. Njia ya kuzunguka jengo, pale ilipo, ni ya kupasha misuli moto tu.

Pampu traki ndiyo inayosahauliwa. Ni mzunguko wa matuta na kona zilizoinuka ambao unauendesha bila kukanyaga pedali: unasukuma chini unapoteremka tuta, unajifanya mwepesi unapolipanda, na baiskeli inakwenda. Nyingi ni za lami, ziko katika maeneo ya wazi, na aghalabu hazina kiingilio. Tangu 2018 zina hata mashindano yao ya dunia, na tangu 2019 yako chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli. Mtu mwenye pampu traki karibu na nyumbani ana robo tatu ya faida ya uwanja wa ndani: marudio, sakafu isiyobadilika, na ujuzi wa kusukuma mwili ambao ndio msingi wa kuruka. Asichokuwa nacho ni miruko ya ngazi, mahali laini pa kutulia, na paa. Mwendeshaji mpya kabisa nitamwambia aanzie hapo, na aende ndani atakapoweza kuuzunguka mzunguko mzima bila pedali hata mara moja. Akitangulia ndani, ataulipia ujuzi ambao ungekuja bila malipo.

Nani aende wapi

Anayeogopa kupaa na anataka kujifunza kuruka: ndani, bila kusita. Vivyo hivyo mwenye watoto, anayerudi mchezoni baada ya kuumia na anataka kasi ndogo inayotabirika, na yule ambaye miezi minne ya mwaka njia zake ziko chini ya theluji. Anayeruka vizuri lakini huachwa nyuma kwenye mawe na mizizi, huyo hana cha kufuata ghalani. Fedha hiyohiyo aiweke kwenye siku moja ya lifti, aendeshe njia moja mara nyingi badala ya kuzionja zote. Mshindani wa enduro agawanye, ndani wakati wa baridi kwa ajili ya miruko na kona, kisha nje mara tu njia zinapokauka. Mpenda safari ndefu na mandhari asipoteze muda. Atachoka na kelele za mbao ndani ya saa moja.

Kwa mwenye siku moja tu ya safari na mlima wa lifti uko wazi, naegemea mlima. Uwanja wa ndani hulipa kwa mazoea, mara kadhaa kwa msimu. Ziara moja inakuachia picha na mikono inayouma. Isipokuwa mvua kubwa imetabiriwa: kwenye njia zilizoloa mwanafunzi anajifunza woga kuliko mbinu, na zaidi ya hapo anaziharibu njia zenyewe.

Kabla ya kwenda

Hakikisha uwanja bado upo. Si utani, umeona hapo juu jinsi vinavyofunguliwa na kufungwa, na orodha za zamani mtandaoni bado zinavitaja vilivyokufa. Uliza kama kuna saa zilizotengwa kwa wanaoanza na kama watumiaji wa skuta na ubao wa magurudumu huingia pamoja nanyi, maana mistari yao hukatana na yenu. Fomu ya kukubali hatari hujazwa kila mahali, na aliye chini ya miaka 18 huhitaji saini ya mzazi au mlezi. Ijaze nyumbani kama inapatikana, foleni ya mlangoni ni ndefu.

Vaa viatu vyenye soli bapa na utumie pedali za wazi, hata kama mlimani umezoea kufunga viatu kwenye pedali. Vaa nguo za tabaka, kwa sababu maghala makubwa hayapashwi joto ipasavyo: unapopanda jukwaani unasikia baridi, ukishuka mara tano umeloa jasho. Miwani ya kiza iache kwenye gari. Na ukimaliza kushuka, toka mahali pa kutulia mara moja hata kama umeanguka na mnyororo umetoka. Vuta baiskeli pembeni kwanza, uitengeneze huko.